Ada ni Moja, Shida ni Mhuri

Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo Lushoto, kimeanzishwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 1998, na ni chuo cha umma. Mtoto wa mama anayepanga mapeasi na mafyulisi kwenye beseni pale stendi akipata nafasi ya stashahada ya sheria, ataweza kwenda darasani kwa miguu na jioni akarudi kula kwao. Ada yake, hata hivyo, ni ileile ya mwenzake aliyekesha kwenye mabasi kutoka Sumbawanga. Hakuna punguzo la ujirani. Na ukimwambia mzazi wa Kisambaa kwamba zipo nchi ambako mwenyeji wa jimbo hulipa kidogo na mtu wa jimbo la pili, raia mwenzake kabisa, akalipa mara tatu, atadhani unamtania.

Zipo. Marekani ndiyo mfano mkubwa. Kule kila jimbo lina vyuo vikuu vyake vya umma, na sehemu ya gharama hubebwa na kodi ya wakazi wa jimbo hilo. Kwa hiyo mkazi hutozwa ada ndogo. Mwingine yeyote, awe ametoka jimbo jirani au Bumbuli, hutozwa kubwa. Watanzania wengi wanaoishi Houston wanalifahamu hili vizuri, maana linagusa mifuko yao. Sheria ya Texas inamtaka mtu awe na makazi ya kudumu jimboni kwa miezi 12 kabla ya muhula, na kukaa kwa viza ya mwanafunzi hakuhesabiki. Unaweza kuishi kule miaka minne, ukalipa pango kila mwezi, ukajua njia za mkato kuliko wenyeji, na bado katika vitabu vya mhasibu wa chuo ukabaki mgeni. Aliyekwenda kwa bahati nasibu ya grini kadi, akatimiza mwaka mmoja tu, anaingia kwa bei ya mwenyeji. Ndugu wawili wa tumbo moja kutoka Soni wanaweza kukaa dawati moja wakalipa ada mbili. (La kumnong'oneza mwenye mtoto anayeomba kule: Texas inaruhusu mwanafunzi wa nje aliyeshinda ufadhili wa ushindani wa chuo wa dola 1,000 au zaidi atozwe kama mkazi. Wengi hulisikia wakiwa wameshalipa.)

Ukazi wenyewe huthibitishwa kwa leseni ya udereva, karatasi za kodi ya mapato, mkataba wa nyumba na mahali ulipojiandikisha kupiga kura. Vyuo hutafuta nia: je, huyu amekuja kuishi, au amekuja kusoma tu? Ugomvi wa ukazi mahakamani haujakoma. Mwaka 1973, katika shauri la Vlandis na Kline, Mahakama ya Juu ya Marekani iliikatalia Connecticut utaratibu wake wa kumhesabu kuwa mgeni, mpaka amalize masomo, kila aliyeomba chuo akiwa na anwani ya nje ya jimbo. Majaji hawakusema bei mbili ni haramu. Walisema mwanafunzi apewe nafasi ya kuthibitisha kwamba sasa ni mkazi. Texas nayo mwaka 2001 ilikuwa ya kwanza kuwapa bei ya mwenyeji vijana wasio na vibali vya uhamiaji waliosoma sekondari jimboni. Juni 2025, Serikali ya Marekani ilifungua shauri, jimbo likakubali bila kupinga, na sheria hiyo ikazimwa mahakamani.

Waingereza wana kipimo chao: lazima uwe umeishi huko kwa kawaida miaka mitatu kabla ya siku ya kwanza ya kozi. Walianza kuwatenga wanafunzi wa ng'ambo kwa bei mwaka 1967, kisha kuanzia 1980 wakawatoza gharama yote. Wazee wetu waliosoma London kabla ya hapo walisoma kwa bei ambayo wajukuu wao hawawezi kuiota.

Sasa kwa nini jambo hili halikuota mizizi kwetu? Jibu la kwanza ni la kihasibu, wala halina ushairi. Mkoa wa Tanga hauna hazina yake ya kuendeshea chuo kikuu. Mishahara ya wahadhiri, majengo na mikopo ya wanafunzi, vyote hutoka Hazina, Dodoma. Halmashauri ya Lushoto ina mapato yake, ndiyo: ushuru wa mazao unaokatwa getini pale malori ya kabichi, karoti na viazi yanapoteremka kwenda Mombo na kuendelea Kariakoo. Lakini fedha hizo zina kazi zake, pamoja na ile asilimia kumi ya mikopo kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hazijengi chuo kikuu. Asiyechangia chuo kama mkoa hana msingi wa kudai bei ya mkoa.

Jibu la pili ni la kisiasa, na ndilo ninaloliona zito zaidi. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza Oktoba 1961, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria chini ya Chuo Kikuu cha London. Miaka miwili baadaye kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Kijana wa Mlalo aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, wa uhandisi alikwenda Nairobi, na Mkenya au Mganda aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Vyuo vilipoachana, Julai 1970, kila nchi ikabaki na chake, lakini mazoea ya kumsafirisha mwanafunzi mbali na kwao hayakuachwa. Shule za bweni ziliyaendeleza. Mpaka leo TAMISEMI ikipanga kidato cha tano, binti wa Mtae anaweza kujikuta Songea na mvulana wa Ngara akaletwa kwenye baridi ya Magamba. Kinachosomwa kwenye fomu ni alama na tahasusi. Kabila na mkoa haviulizwi bei.

Si kwamba mkoa haukuwahi kuhesabiwa kabisa. Miaka ya sabini, nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache mno, na Serikali ikazigawa kwa mikoa na wilaya ili Kilimanjaro na Kagera, kulikojaa shule za misheni, zisizoe zote. Usambara ilikuwa katikati: kulikuwa na misheni za Walutheri na Wakatoliki, lakini pia vijiji ambavyo shule ilichelewa kufika. Mgao ule uliwasaidia wengi na kuwakasirisha wengi. Hata hivyo ulikuwa mgao wa nafasi. Ada haikutofautiana.

Anayetamani mtindo wa Marekani uletwe hapa, na wapo wanaouliza wenyeji wanafaidika nini na chuo kilicho juu ya ardhi ya babu zao, atazame kwanza Uganda. Mwaka 2005 wenzetu walianza kutenga sehemu ya nafasi za vyuo vikuu zinazolipiwa na Serikali kwa mgao wa wilaya, ili mtoto wa Karamoja asishindanishwe moja kwa moja na aliyesoma shule ghali za Kampala. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake, familia za mjini zikakumbuka ghafla wilaya za mababu. Mtoto aliyezaliwa Kampala, akasoma Kampala, asiyejua hata njia ya kwenda kijijini, anajaza fomu kwamba kwao ni wilaya ya pembezoni na kuchukua nafasi ya mtoto wa pale. Ukishauweka uwenyeji kuwa na thamani ya fedha, wenye uwezo ndio wa kwanza kuununua. Sioni kwa nini Lushoto ingekuwa tofauti. Nusu ya Magomeni ingejigundua kuwa ni ya Vuga.

Basi ada ni moja kutoka Mtwara mpaka Bukoba, na naona ni sawa iwe hivyo. Lakini asidhani mtu kwamba ukazi hauna bei Tanzania. Bei ipo, ila haikuandikwa kwenye jedwali la ada. Imekaa kwenye mhuri.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Kwa mtoto wa mkulima wa Usambara, mkopo ndio chuo chenyewe. Ada bila mkopo ni mlima juu ya mlima, na hata akilipiwa ada, bila fedha ya chakula na malazi, lile bumu ambalo tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku, hawezi kukaa Morogoro wala Dodoma. Bodi haiulizi mkoa kwa ajili ya bei. Inataka mambo matatu: uwe Mtanzania, uwe mhitaji, na uwe na karatasi za kuthibitisha hayo mawili. Hapo kwenye karatasi ndipo mlima unapoanza.

Kila mwaka, kuanzia Juni hivi, dirisha la maombi hufunguliwa na kukaa wazi kwa muda maalumu. Kijana hujaza fomu mtandaoni, mara nyingi steshenari kwa sababu simu yake haimalizi kurasa zote, analipa ada ya maombi, shilingi 30,000 kwa miaka mingi sasa, kisha anaichapisha ile fomu. Fomu iliyochapwa ndiyo safari. Inataka saini au dole gumba la mzazi, picha, saini ya mdhamini na kitambulisho chake. Inataka mhuri wa serikali ya kijiji au mtaa kwamba huyu anajulikana na anaishi hapa. Inataka kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Nyuma yake vinabandikwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA na, kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi nacho kilichohakikiwa. Ikikamilika hurudishwa steshenari, ikapigwa skani na kupakiwa. Ukurasa mmoja ukitoka na kivuli, au mhuri ukakaa nusu nje ya kisanduku, Bodi hukurudisha urekebishe.

Kwa kijana wa Lushoto mjini hayo ni ya siku mbili. Mahakama ipo, mawakili wapo, ofisi ya wilaya ipo, steshenari ziko mlango kwa mlango. Kwa wa Mtae, kwenye ncha ile ya milima inayotazama Mkomazi na Kenya, kila karatasi iliyosahauliwa ni safari ya zaidi ya kilomita 50 ya barabara ya makona, nauli ya kwenda na kurudi, na siku ya shamba imepotea. Bumbuli wana halmashauri yao sasa, lakini kiwilaya bado wako Lushoto, na msajili wa vizazi anakaa kwa mkuu wa wilaya. Mvua ikinyesha na barabara ya Soni ikateleza, dirisha la Bodi halina habari.

Halafu kuna swali lenyewe la ukazi. Wasambaa ni watu wa kutembea. Mashamba ya mlimani yamegawanywa kwa warithi mpaka yamekuwa vipande vya kugeukia ng'ombe, kwa hiyo baba yuko Korogwe kwenye mkonge, mama anauza mboga Ilala, na mtoto amelelewa na bibi Mlola. Shule kasoma Tabora, kisha JKT kambi ya mbali. Akija na bibi kwa mtendaji wa kijiji kugongewa mhuri, mazungumzo huwa ya namna hii:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Nimekuletea mjukuu wangu, amefaulu. Mama yake yuko Dar."

"Hongera. Anaishi hapa?"

"Anaishi kwangu. Likizo zote yuko kwangu."

"Bibi, mimi hapa nina miezi minne. Kwenye daftari la wakazi simwoni. Niandike mkazi au si mkazi?"

"We andika mtoto wa hapa. Kitovu chake kimezikwa pale mgombani."

Utaona kinaya chake. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri, na mara nyingi ametoka mkoa mwingine. Yeye, mgeni, ndiye anayemwandikia uwenyeji aliyezaliwa pale. Hatumlaumu, anafuata daftari, na daftari hilo mara ya mwisho huenda lilijazwa na mtangulizi wake. Busara ya kawaida ni kumwita mwenyekiti wa kitongoji, au yule mzee ambaye wengi bado wanamwita balozi wa nyumba kumi, aje aseme ninamjua. Mahali panapofanyika hivyo mambo huisha kwa dakika chache. Mahali pengine mhuri hushikwa mpaka mchango wa kijiji wa mwaka juzi ulipwe. Hilo halimo kwenye mwongozo wowote wa Bodi. Mtoto hakopeshwi elimu kwa sababu babu yake hakuchangia tofali la zahanati? Ni uonevu, na wakuu wa wilaya wangelikomesha kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Ukazi huohuo una mlango wa pili ambao hauzungumzwi sana: TASAF. Kaya iliyoandikishwa katika mpango wa kunusuru kaya maskini huhesabiwa na Bodi kuwa ushahidi wa uhitaji, na fomu ina nafasi ya kuitaja. Kuandikishwa kulifanyika kijijini, kwenye mkutano wa hadhara. Familia iliyokuwa imekwenda kutafuta kibarua mwaka ule wa uandikishaji haikuitwa jina, na miaka sita au saba baadaye mtoto wake analipia kutokuwapo kule.

Karatasi inayowaangusha wengi, hata hivyo, ni cheti cha kuzaliwa. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini, 16 tu ndio waliokuwa wamesajiliwa, na wenye cheti mkononi walikuwa nusu ya hao. Piga hesabu. Watoto wale wa 2010 ndio hawahawa wanaomaliza kidato cha sita na kuomba mikopo miaka hii. Kizazi kinachogonga mlango wa chuo sasa ni kile ambacho zaidi ya wanane kati ya kumi walikuwa bado hawana usajili wa kuzaliwa mwaka ule, na mtoto wa mlimani aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga hata lile tangazo la kizazi la hospitali hakulipata.

Usajili wa kuchelewa unawezekana. RITA hupokea kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza elimu ya msingi, barua ya mtendaji na vitambulisho vya wazazi. Lakini hapo ndipo majina yanapogombana. Kwenye kadi ya kliniki muuguzi aliandika Athumani. Mwalimu wa darasa la kwanza akaandika Othman. Baraza la Mitihani likachapisha kile alichoandika mwalimu. Kwenye cheti cha ubatizo ni Paulo, kwenye cheti cha kidato cha nne ni Paul. Ukoo unaoanza na She-, na huku kwetu ni wengi, una namna tatu za kuandikwa kulingana na sikio la karani. Mfumo wa kompyuta haujui kwamba Shekiondo na Shekihondo ni baba mmoja. Utaapa kwa wakili, utalipa, utarudi tena wilayani, na dirisha linahesabu siku.

Mahali ambapo Tanzania ina kitu kinachokaribia kabisa sheria ya Marekani ni ng'ambo ya maji. Zanzibar ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu tangu 2011, na hiyo hukopesha Wazanzibari. Haitoshi kuwa Mtanzania. Lazima uwe Mzanzibari kwa mujibu wa Sheria ya Uzanzibari ya mwaka 1985, na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ndicho kinachosema hivyo. Msambaa aliyehamia Unguja akafungua genge la mboga Darajani hapati hadhi hiyo kwa kuteremka tu bandarini. Anahitaji miaka ya kuishi kule. Wabara huinung'unikia sheria hiyo. Mimi naona ina mantiki ileile ya Texas: hazina ni yao, wakopaji ni wao. Na mwanafunzi wa Kizanzibari anayekuja kusoma Dodoma bado analipa ada ileile ya Mtanzania yeyote.

Ukivuka mpaka wa uraia ndipo bei zinapogawanyika kweli. Majedwali ya ada ya vyuo vyetu vya umma yana safu ya Watanzania kwa shilingi na safu ya wasio Watanzania kwa dola. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC, iliyosainiwa Blantyre mwaka 1997 na kuanza kutumika 2000, iliahidi kwamba ndani ya miaka kumi wanafunzi wa nchi wanachama watatozwa ada kama wenyeji, na kwamba kila nchi itawatengea angalau asilimia tano ya nafasi. Marais wa Afrika Mashariki nao, Mei 2017, waliitangaza jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Matamko yapo. Mzazi mwenye akili haendi nayo kwa mhasibu. Anauliza kwanza chuo husika kimemweka mwanawe safu gani, na anaomba jibu kwa maandishi.

Watakaoumizwa zaidi na safu ile ni watoto wetu wenyewe. Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto aliyezaliwa Ujerumani au Marekani kwa wazazi wa Lushoto, akafikisha miaka 18 bila kuukana uraia wa pili, uraia wake wa Tanzania unakoma. Akitaka kuja kusoma Sokoine au Mlimani, ni mgeni wa dola, hata kama bibi yake yuko Irente na anamsubiri kwa chakula. Hadhi maalumu iliyopitishwa na Bunge mwaka 2025 kwa watu wenye asili ya Tanzania ni hadhi. Bado si uraia, na Bodi inataka uraia.

Mkoa wetu una ushahidi wa jinsi mstari huo unavyoweza kumzunguka mtu. Karne ya kumi na tisa Wazigua walichukuliwa utumwani kutoka nchi hii ya Tanga na kupelekwa Somalia, bonde la Mto Juba. Hawakuisahau lugha yao. Vita ya 1991 ilipowafukuza, baadhi walirudi kwa vyombo vya baharini mpaka Tanga, wakapokewa Handeni na kupewa makazi Chogo, wakazungumza na jirani zao Kizigua. Na kwa sheria walikuwa wakimbizi, wageni katika nchi ya mababu, mpaka walipopewa uraia miaka kadhaa baadaye. Ng'ambo ya pili, Kenya, Wamakonde wa Kwale walisubiri mpaka 2016, na Wapemba wa pwani mpaka 2023, kutambuliwa kuwa raia wa nchi walikozaliwa. Kijana wa Kipemba wa Kilifi asiye na kitambulisho hakuweza kuomba mkopo wa chuo, hata awe wa kwanza darasani.

Ukilinganisha, mtoto wa Usambara ana bahati: hakuna anayeukana uraia wake. Anachokosa ni karatasi za kuusema. Na hapo ndipo nina ugomvi na utaratibu wetu. Serikali inazo taarifa hizi tayari. Baraza la Mitihani linajua alisoma wapi tangu darasa la saba, TASAF inaijua kaya yake, NIDA inamjua baba yake, RITA inajua kama yumo au hayumo. Kumtuma kijana wa miaka 19 apande na kushuka milima kukusanya mihuri ya kuithibitishia Serikali mambo ambayo Serikali inayajua, ni kumtoza gharama ambayo mtoto wa mjini halipi. Mifumo imeanza kusomana, na hilo ni jema. Isomane mpaka mwisho, mhuri wa kijiji ubaki kwa yule tu ambaye mifumo haikumwona.

Mpaka hapo patakapofika, wenye watoto wasingoje. Mtoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa na kupewa cheti cha kwanza bure, kwenye kituo cha afya au kwa mtendaji wa kata, mahali mpango ule ulioanzia Mbeya mwaka 2013 umeshafika, ulizeni kliniki. Mwenye mtoto kidato cha tatu leo ana muda wa kutosha: chukua cheti chake cha kuzaliwa, kile cha darasa la saba na usajili wake wa mtihani, viweke mezani, linganisha herufi moja moja. Kama kuna Athumani na Othman, kalimalize mwaka huu, si wiki ya mwisho ya dirisha. Aliyefiwa atafute cheti cha kifo sasa. Anayeishi Dar na mtoto yuko kwa bibi, apige simu kwa mwenyekiti wa kitongoji jina la mtoto liingie daftarini. Ofisi ya msajili wa vizazi na vifo ya wilaya ipo Lushoto mjini, kwa mkuu wa wilaya, na hufunguliwa siku za kazi.